Fibromialjia kwa tiba ya Kichina: anza na mwendo, sindano zifuate, mitishamba iwe ya mwisho

Mwenye fibromialjia, ugonjwa wa maumivu yaliyoenea mwilini pamoja na uchovu, akisikia habari za tiba ya Kichina, swali lake la kwanza huwa la dawa: ni mzizi gani, unachemshwa vipi, unanywewa mara ngapi. Mimi pia niliingilia mlango huo, na niliujutia. Mwongozo huu umepangwa kinyume chake. Unaanza na kile chenye hatari ndogo kabisa na ambacho kimepimwa vizuri zaidi, yaani mwendo wa polepole wa tai chi na qigong, mazoezi ya Kichina yanayounganisha mwili na pumzi. Zinafuata sindano za akyupancha, zile nyembamba zinazochomwa sehemu maalumu za mwili, kwa kipindi chenye mwisho unaojulikana. Mitishamba inakuja mwisho kabisa, na kwa wengine haiji kamwe. Ukifuata mpangilio huu, hata tiba ikikataa kukufaa, utakuwa umeyalinda figo na ini lako wakati unajaribu.

Jambo moja kabla hatujaanza. Hakuna tiba, ya Kichina wala ya hospitali, inayojulikana kuiondoa fibromialjia moja kwa moja. Anayekuahidi kupona kwa dozi tatu anakuuzia matumaini. Kinachowezekana, nacho si kidogo, ni usingizi kurudi, maumivu kupungua makali, na siku za kujiweza kuzidi siku za kitandani.

Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa ni huo

Fibromialjia haionekani kwenye picha ya eksirei wala kwenye kipimo cha damu. Daktari huitambua kwa maelezo yako: maumivu yaliyoenea sehemu nyingi za mwili kwa miezi 3 au zaidi, uchovu, usingizi usioburudisha, na kichwa kizito kinachokusahaulisha neno lililokuwa mdomoni sasa hivi. Kwa vigezo vya mwaka 1990, daktari alibonyeza sehemu 18 za mwili na kuhesabu kama 11 au zaidi zinauma. Tangu vigezo vya mwaka 2010 hesabu hiyo si ya lazima tena. Damu hupimwa ili kuyaondoa magonjwa yanayofanana nayo, kama vile tezi ya shingo kufanya kazi kidogo kuliko inavyotakiwa, upungufu wa damu, baridi yabisi ya viungo na lupasi.

Usiiruke hatua hii. Mtaalamu wa tiba ya Kichina hutazama ulimi na kushika mshipa wa mkono, na kwa njia hiyo hawezi kujua kwamba tezi yako imelegea. Na ukiona viungo vimevimba na kuwa vyekundu, uzito unapungua bila sababu, homa haziishi, mguu au mkono unapoteza nguvu, au huwezi kuzuia haja, usisingizie fibromialjia. Rudi hospitali.

Dawa ulizoandikiwa, iwe ni duloksetini, pregabalini au amitriptilini, usiziache ghafla kwa sababu umeanza sindano. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu, kukosa usingizi na wasiwasi mkali, nawe utadhani ugonjwa umezidi. Ziandike zote kwenye karatasi moja pamoja na dozi zake. Utaihitaji karatasi hiyo kila hatua.

Hatua ya 2: Wiki mbili za daftari

Maumivu haya hupanda na kushuka yenyewe. Asiye na daftari huisifu tiba yoyote aliyoianza siku ya nafuu na kuilaani ile aliyoianza siku mbaya. Kwa hiyo, kabla hujaanza chochote, andika kila jioni kwa siku 14: maumivu kwa alama 0 hadi 10, uchovu kwa alama 0 hadi 10, saa ulizolala na kama uliamka umepumzika, na kazi kubwa uliyoifanya siku hiyo.

Kisha chagua jambo moja la maisha yako ya kila siku ambalo ugonjwa umekupunguzia, na ulipime kwa namba. Inaweza kuwa dakika unazoweza kusimama ukipika, au ngazi unazoweza kupanda bila kupumzika. Mtu anaweza kubaki na alama 6 za maumivu lakini akaanza kusimama dakika 40 badala ya 15, na hayo ni mafanikio ambayo alama za maumivu peke yake zingemficha.

Ongeza pia mambo ambayo mtaalamu wa Kichina atakuuliza hata hivyo. Maumivu huzidi kwenye baridi au unyevunyevu? Joto hukusaidia? Yanahama au yamekaa pale pale? Choo ni kigumu au chepesi? Hedhi iko vipi? Ukikasirika, nini kinauma? Ukienda na majibu yaliyoandikwa, kikao cha kwanza hakitaishia kwenye "sikumbuki".

Hatua ya 3: Elewa lugha utakayoambiwa

Tiba ya jadi ya Kichina haina ugonjwa unaoitwa fibromialjia. Malalamiko haya huwekwa zaidi katika kundi liitwalo bi, yaani kuziba: qi (nguvu ya uhai inayozunguka mwilini) na damu vimekwama katika njia zake, na kilichokwama huuma. Huangdi Neijing, kitabu cha msingi cha tiba hiyo kilichokusanywa miaka kama 2000 iliyopita, kinasema kwamba upepo, ubaridi na unyevu vikivamia mwili kwa pamoja huzaa bi. Upepo ukitawala, maumivu huhamahama. Ubaridi ukitawala, huwa makali. Unyevu ukitawala, mwili huwa mzito na maumivu hukaa mahali pamoja. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa, maana sisi wenyewe maumivu ya viungo tumeyaita baridi yabisi tangu zamani.

Juu ya msingi huo, mtaalamu huangalia wewe umeharibika vipi, kwa sababu watu wawili wenye fibromialjia wanaweza kupewa tiba mbili tofauti. Kuna namna nne za uchunguzi: kutazama, kusikiliza pamoja na kunusa, kuuliza, na kugusa. Ulimi hutazamwa rangi, umbo na utando wake. Mshipa hushikwa kwa vidole vitatu kwenye kila kifundo cha mkono. Siku hiyo usiusugue ulimi kwa mswaki, na usinywe kahawa wala kitu chenye rangi kabla ya kwenda.

Majina utakayoyasikia mara nyingi ni haya. "Qi ya ini imekwama": maumivu yanayopanda na msongo, kuvuta pumzi ndefu, kichwa kuuma, tumbo kuvurugika. "Wengu ni dhaifu na una unyevu": uzito wa mwili, uchovu baada ya kula, choo chepesi, ulimi ulionenepa wenye alama za meno pembeni. "Damu ya moyo imepungua": kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, kusahau. "Figo hazina joto": ubaridi wa kiuno na magoti. "Damu imeganda njiani": maumivu ya kuchoma yasiyohama, ulimi wenye rangi ya zambarau.

Hapa watu wengi huogopeshwa bure. Ini na wengu katika lugha hiyo si viungo vinavyoonekana kwa altrasaundi, bali ni majina ya kazi za mwili. Ukiambiwa wengu wako ni dhaifu, hujaambiwa una ugonjwa wa wengu. Lakini na kinyume chake ni kweli: ukiambiwa ini lako liko sawa kwa kushikwa mshipa, hilo si jibu la kipimo cha ini.

Hatua ya 4: Mwendo kwanza

Kama utachukua jambo moja tu katika maandishi haya, chukua tai chi. Mwaka 2010 watafiti wa Boston nchini Marekani waliwagawa watu 66 wenye fibromialjia katika makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa tai chi ya mtindo wa Yang, dakika 60, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 12. Jingine lilipewa mafunzo ya afya na kunyoosha viungo. Katika kipimo cha athari za ugonjwa chenye alama 100, kundi la tai chi lilishuka kwa karibu alama 28, na la pili kwa alama 9 hivi. Mwaka 2018 watafiti hao wakaja na jaribio kubwa zaidi la watu 226, safari hii wakiilinganisha tai chi na mazoezi ya kuhemesha ambayo madaktari huyaagiza siku zote. Tai chi ilifanya vizuri sawa au zaidi, na watu walihudhuria vipindi vyake zaidi kuliko vile vya mazoezi mengine. Kwangu mimi hilo la mahudhurio lina uzito wa pekee. Zoezi zuri usiloweza kulirudia kesho halikusaidii.

Sababu yake haina siri kubwa. Katika fibromialjia, mfumo wa fahamu umekuwa kama redio iliyofunguliwa sauti hadi mwisho, mguso mdogo unasikika kama pigo. Mwendo wa polepole pamoja na pumzi ndefu unaufundisha mwili kwamba kusogea si hatari.

Kama kuna mwalimu, mweleze kabla ya kuanza kwamba una fibromialjia, na umwombe akuruhusu kukaa unapochoka na kupunguza mkunjo wa magoti. Mwalimu anayekulazimisha kushuka chini "ili nguvu zije" hakufai. Kama hakuna mwalimu, anza na qigong, ambayo miendo yake ni michache na hujirudia. Mfululizo unaojulikana sana ni Baduanjin wenye miendo minane. Huu hapa wa kwanza, uitwao kuinua mbingu kwa mikono miwili:

Simama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, magoti yamelegea, uzito umegawanyika sawa. Kama kusimama kunakuchosha, kaa kwenye ukingo wa kiti, nyayo zikiwa zimekanyaga sakafu. Pitisha vidole vya mkono mmoja kati ya vile vya mkono mwingine mbele ya tumbo, viganja vikitazama juu. Vuta pumzi huku ukipandisha mikono hadi kifuani, geuza viganja, kisha visukume juu ya kichwa hadi pale bega linapoanza kulalamika, na uishie kabla ya hapo. Kaa kidogo. Toa pumzi ukiachanisha mikono na kuishusha pembeni taratibu. Rudia mara 4. Wakufunzi wengi husema mara 8, lakini wao hawajaamka na mwili kama wako.

Kanuni ya kuongeza muda ni kuangalia siku ya pili. Maumivu ya fibromialjia huchelewa: leo unajiona mzima, keshokutwa unalipa. Anza na dakika 5 kwa siku, nusu ya kile unachohisi unakiweza, na ukae hapo siku 4. Siku hizo zikipita bila kuzidiwa, ongeza dakika 1 au 2. Ukizidiwa, rudi hatua moja nyuma, lakini usiache kabisa, hata kama siku hiyo ni kuketi na kupumua kwa dakika 3 huku mikono ikipanda na kushuka mapajani. Lengo la wiki 12 ni dakika 20 hadi 30 kwa siku nyingi za wiki. Usiongeze siku ya nafuu. Siku ya nafuu ndiyo inayotuponza wengi.

Hatua ya 5: Sindano, kwa kipindi chenye mwisho

Baada ya wiki 3 au 4 za mwendo, unaweza kuongeza akyupancha. Nieleze ukweli wake bila kuupaka rangi. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 9 yenye watu 395. Yalionyesha kwamba akyupancha huweza kupunguza maumivu na ukakamavu ukilinganisha na kutotibiwa au na tiba ya kawaida. Lakini sindano halisi zilipolinganishwa na za kuigiza, kwa ujumla hazikuzishinda, isipokuwa akyupancha ya umeme, ambamo sindano huunganishwa na mkondo mdogo wa umeme, iliyoonyesha nafuu zaidi. Tena nafuu ilionekana hadi mwezi mmoja hivi, na baada ya miezi sita haikuwepo. EULAR, muungano wa Ulaya wa wataalamu wa baridi yabisi, katika mapendekezo yake yaliyopitiwa mwaka 2016, uliyapa mazoezi pendekezo la nguvu na akyupancha pendekezo hafifu. Ndiyo maana katika mwongozo huu sindano ni za pili.

Maoni yangu ni kwamba bado inafaa kuijaribu. Kupumzika dakika 25 katika chumba tulivu, ukisikilizwa na mtu anayeamini maumivu yako, si kitu cha kudharau. Sharti ni uwe umejiwekea mpaka: vipindi 6 hadi 8, mara moja au mbili kwa wiki, kisha daftari liamue.

Kabla ya kulala kitandani pake, muulize mtaalamu mambo haya na usione haya: ana leseni ya kazi hii? Sindano ni mpya, zimefungwa, na hutupwa baada ya matumizi ya mara moja? Ameshawahi kutibu watu wenye fibromialjia? Naye mwambie kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, una ujauzito au unadhani unao, una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo (hapo umeme haufai), au una kifafa.

Kisha mwombe aanze kidogo. Kwa mwili wenye hisia kali kama huu, sindano nyembamba, chache, zisizoingia ndani sana, zinatosha mara ya kwanza. Sehemu utakazozisikia zikitajwa ni Hegu mkononi na Taichong mguuni, ambazo zikichomwa pamoja huitwa malango manne. Zusanli chini ya goti kwa ajili ya nguvu. Sanyinjiao juu ya kifundo cha mguu. Yanglingquan pembeni ya goti kwa ajili ya kano. Shenmen kwenye kifundo cha mkono kwa ajili ya usingizi. Na ashi, yaani popote panapouma pakibonyezwa. Hegu na Sanyinjiao kwa desturi hukwepwa kwa mjamzito.

Nenda ukiwa umekula kidogo, umevaa nguo pana, na mara ya kwanza ulale badala ya kukaa, kwa sababu wengine huzimia. Sindano ikiingia, hisia ya uzito, joto au kufa ganzi kidogo ni ya kawaida, nao huiita de qi. Maumivu makali ya kuchoma si ya kawaida. Sema mara moja, sindano itolewe. Hakuna tuzo ya kuvumilia.

Baada ya kipindi, usifanye chochote kikubwa siku hiyo. Mimi nilitoka kipindi changu cha kwanza nikijiona mwepesi, nikaenda nikafua, nikapanga nyumba yote, halafu nikalala siku tatu nikidhani sindano zimeniharibu. Kumbe ni mimi mwenyewe. Kidonda kidogo, alama ya bluu ya damu kuvilia au uchovu wa siku moja si hatari. Lakini ukichomwa kwenye bega, shingo au kifua, kisha ukapata kichomi na pumzi kuwa fupi, hata kama ni baada ya saa kadhaa, kimbilia hospitali na useme kwamba umechomwa sindano. Ni nadra sana, lakini pafu linaweza kutobolewa.

Hatua ya 6: Vya nyumbani, na vya kusitasita

Kubonyeza kwa vidole kuna faida moja kubwa, kwamba unakifanya mwenyewe saa nane ya usiku. Jifunze sehemu tatu tu. Zusanli: weka vidole vinne vya mkono wako chini ya pia ya goti, kisha sogea upana wa kidole kimoja nje ya mfupa wa muundi, ni pale penye nyama. Neiguan: vidole vitatu kutoka kwenye mstari wa kifundo cha mkono, upande wa kiganja, katikati ya kano mbili, hutumika kwa kichefuchefu na wasiwasi. Taichong: upande wa juu wa mguu, si wa unyayo, katika bonde lililo kati ya mifupa ya kidole gumba na kidole cha pili. Bonyeza dakika 1 hadi 2 kila upande, kwa nguvu inayokuwezesha kuendelea kupumua vizuri. Siku ambayo hata shuka linauma, usibonyeze. Weka kiganja chenye joto juu yake na ukiache hapo.

Moksa, yaani joto la majani makavu ya pakanga ya Kichina yaliyowashwa karibu na ngozi, huwafaa zaidi wanaosumbuliwa na baridi. Moshi wake ni mzito, hivyo mwenye pumu aiepuke, na mwenye ganzi miguuni anaweza kuungua bila kujua. Mfuko wa maji ya moto hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila moshi.

Kuchuliwa kwa mtindo wa tui na ni kuzuri kukiwa kwa upole. Wachuaji wengi wanaamini kwamba fundo la msuli lazima livunjwe. Kwa fibromialjia imani hiyo hukugharimu wiki nzima. Kuumikwa kwa vikombe na kukwanguliwa ngozi kwa gua sha huacha alama nyekundu kwa siku kadhaa, na mimi nisingeshauri kuanza navyo. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda asivifanye kabisa.

Hatua ya 7: Mitishamba, kama bado inahitajika

Mtaalamu mmoja aliwahi kunipa pakiti ya unga usio na jina. Nilipouliza ni nini, nikaambiwa ni siri ya ukoo. Niliutumia siku nne nikipata mapigo ya moyo yasiyoeleweka, kisha nikauacha. Hadi leo sijui nilimeza nini, na daktari wangu naye hakuwa na la kufanyia kazi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza haina mjadala: kisicho na orodha ya viambato, kwa majina ya Kichina na ya kisayansi, hakiingii mdomoni.

Majina hayo si urembo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, zaidi ya watu 100, wengi wao wanawake waliokuwa wakipunguza uzito, waliharibika figo baada ya kupewa mmea wenye asidi ya aristolokia badala ya mwingine wenye jina linalokaribiana nalo, fang ji. Baadhi walihitaji figo mpya, na baadhi walipata saratani ya njia ya mkojo. Fang ji hiyo hiyo ni miongoni mwa dawa za jadi za maumivu ya bi, kwa hiyo habari hii inatuhusu moja kwa moja.

Michanganyiko utakayoisikia ni Xiao Yao San kwa qi ya ini iliyokwama, Gui Pi Tang kwa kukosa usingizi na kusahau, na Du Huo Ji Sheng Tang kwa maumivu ya kiuno na magoti yenye ubaridi. Nimeitaja ili uitambue ikiandikwa. Usijinunulie. Ushahidi wake kwa fibromialjia bado ni mdogo kuliko wa tai chi kwa mbali.

Viambato vya kuuliza kabla ya kukubali ni hivi. Fu zi, chuan wu na cao wu, ambavyo ni mizizi ya akonito, mmea wenye sumu, huweza kuvuruga mdundo wa moyo hadi kuua visipotayarishwa inavyotakiwa. Ma huang hupandisha shinikizo la damu na kuongeza mapigo ya moyo. Lei gong teng hudhuru ini, figo na uwezo wa kuzaa. He shou wu imehusishwa na kuharibika kwa ini. Gan cao imo katika michanganyiko mingi kwa kiasi kidogo, lakini ikitumika sana na kwa muda mrefu hupunguza potasiamu na kupandisha shinikizo. Dang gui na dan shen huongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na damu ikashindwa kusimama. Yan hu suo, inayopewa watu kwa ajili ya maumivu, huleta usingizi, na ukiichanganya na pregabalini au amitriptilini usingizi huo huwa mzito kupita kiasi.

Ukikubali kuanza, mpelekee daktari wako orodha pamoja na ile karatasi ya dawa zako. Omba kipimo cha ini na figo kabla ya kuanza na tena baada ya wiki 4. Anza mchanganyiko mmoja tu, na usibadilishe kitu kingine wiki hizo. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa ini au figo aache kabisa. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, macho yakawa ya manjano, mwili ukawasha au mdomo ukafa ganzi, acha mara hiyo hiyo na uende hospitali ukiwa na pakiti mkononi.

Na kama maumivu yote yametoweka ndani ya siku mbili tatu, usishangilie bado. Vidonge vya "mitishamba" vya maumivu vimewahi kukutwa vimechanganywa kwa siri na steroidi au dawa za hospitali za kutuliza maumivu. Ukigundua hilo baada ya kuvitumia kwa wiki nyingi, na hasa kama uso umeanza kuvimba na kuwa wa duara, usiviache ghafla peke yako. Mwili unaweza kuwa umeshazoea steroidi, na kuziondoa ni kazi ya daktari.

Hatua ya 8: Wiki ya 12, fungua daftari

Chukua siku 14 za mwisho, tafuta wastani wake, uweke kando ya wastani wa siku 14 za mwanzo. Angalia alama za maumivu, saa za usingizi, na lile jambo moja ulilochagua kulipima. Kama maumivu yameshuka kwa alama 2 au zaidi, au unasimama mara mbili ya muda wa zamani, kuna kinachofanya kazi. Anza kuachanisha vipindi vya sindano, kimoja kila wiki 2, kisha kimoja kwa mwezi, ukiangalia kama nafuu inabaki.

Kama hakuna kilichobadilika baada ya vipindi 8 vya sindano, ziache, na usimruhusu mtu akwambie kwamba ulihitaji vingine 20. Tai chi usiiache. Katika lile jaribio la mwaka 2018, waliofanya kwa wiki 24 walipata nafuu zaidi ya walioishia wiki 12. Kwa hiyo anza daftari jipya, dakika zile zile, na uhesabu wiki nyingine 12.